Watatu kati ya watano walikuwa wamechanjwa

Surua ilipopita mtaani kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, jirani yangu Mama Shamimu alipiga hesabu yake mwenyewe. Huuza mukene, dagaa wale wadogo wa ziwani, na mtu aliyezoea kupima kwa kikombe tangu kuche haponyokwi na idadi. Watoto watano wa kichochoro chetu walikuwa wamelala: homa, makamasi, macho mekundu, kisha vipele vilivyoanzia usoni vikashuka hadi miguuni. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba kuona kadi za chanjo. Jioni akanikuta barazani.

"Mwalimu, wewe ndiye mtu wa hesabu. Watatu kati ya hawa watano wamechanjwa. Tarehe zimeandikwa, nimeziona kwa macho yangu. Sasa hiyo chanjo inazuia nini?"

Nimewaona watu wenye digrii wakikwama papo hapo, hasa mwaka 2021 wakati wa korona, kila iliposikika kwamba fulani amelazwa na alikuwa amechanjwa. Kwa hiyo sikumwambia awaamini wataalamu. Nilimuuliza: "Na wale ambao hawakuugua, uliwahesabu?"

Hakuwahesabu. Nani huhesabu watoto wazima? Tukakaa, tukawataja mmoja mmoja. Kutoka kona ya msikiti hadi stendi ya boda boda kuna watoto 24 wa chini ya miaka mitano waliokwisha kutimiza miezi tisa, umri wa sindano ya kwanza ya surua. Kati yao 21 walikuwa wamechanjwa na watatu hawakuchanjwa. Wagonjwa watano waligawanyika hivi: wawili walitoka kwa wale watatu, na watatu walitoka kwa wale 21.

Wawili kati ya watatu ni kama asilimia 67. Watatu kati ya 21 ni kama asilimia 14. Gawa 14 kwa 67, unapata 0.21 hivi, hiyo ndiyo hatari iliyowabakia waliochanjwa. Itoe katika moja, inabaki 0.79. Asilimia 79, na hicho ndicho kinachoitwa ufanisi wa chanjo. Kwa lugha ya kichochoroni: kama wale 21 wasingechanjwa na wangeugua kwa kiwango cha wenzao, wangelala 14. Walilala watatu.

Mama Shamimu alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nimehesabu waliooza, sikutazama ukubwa wa karai."

Sina maneno bora kuliko hayo. Na ukilifikisha jambo hili mwisho wake linachekesha: katika kijiji ambacho kila mtoto amechanjwa, kila mgonjwa wa surua atakuwa mtoto aliyechanjwa, hata kama mgonjwa ni mmoja tu kwa mwaka mzima. Chanjo inapoenea zaidi, ndivyo waliochanjwa wanavyojaa kwenye orodha ya wagonjwa, huku orodha yenyewe ikifupika.

Lakini swali la pili la jirani yangu lilikuwa gumu zaidi. Hao watatu, kwa nini waliugua? Sindano ni ile ile, muuguzi ni yule yule. Hapo inabidi tuingie mwilini.

Kwapani mwa mtoto

Neno letu lenyewe, kuchanja, ni la kukata: watu huchanja kuni, huchanja chale. Linatukumbusha enzi za ndui, dawa ilipokwaruzwa kwenye ngozi ya mkono. Leo ni sindano, au matone mdomoni kwa polio na kwa rotavirusi ya kuharisha, na kilichomo hutofautiana. Surua na homa ya manjano ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Polio ya sindano ni virusi vilivyouawa. Pepopunda ni sumu iliyovunjwa makali. Chanjo mpya ya malaria ni vipande vya protini tu, na baadhi ya zile za korona zilikuwa maelekezo ambayo seli zetu ziliyasoma na kutengeneza kipande hicho zenyewe. Yote ni kuuonyesha mwili sura ya ugonjwa bila kuuletea ugonjwa wenyewe.

Sindano ikishaingia, seli zinazozurura kwenye ngozi na misuli huokota kilichomo na kukibeba hadi kwenye tezi za karibu, zile za kwapani kama sindano ni ya mkono. Na huko tezini kuna jambo ambalo bado hunishangaza kila nikilifikiria. Mwili hausubiri kuona ugonjwa ndipo utafute wa kuushika. Hutengeneza washikaji kwanza, kwa kubahatisha. Kila seli B, aina mojawapo ya seli za kinga, huzaliwa na umbo lake moja la kushikia, lililopatikana kwa kuchanganya vipande vya jeni, na yako mamilioni kwa mamilioni ya maumbo. Mengi yatakufa bila kukutana na chochote cha kushika. Ni kama Owino, soko la Kampala, siku ya kufungua marobota ya mitumba. Hakuna aliyelishona shati lile akikufikiria wewe, lakini ukichimba vya kutosha, lipo linalokuenea.

Tofauti na Owino ni kwamba tezini, shati likishaenea linaanza kuzaliana. Seli chache zilizofanikiwa kushika kirusi cha surua hugawanyika tena na tena, kwa idhini ya seli nyingine ziitwazo seli T. Nakala hutoka na makosa madogo kwenye sehemu ile ya kushikia. Kosa likikaza mshiko, seli hiyo hupewa nafasi ya kuendelea. Likilegeza, huachwa ife. Kazi hii ya kushona, kujaribisha na kurekebisha huchukua wiki kadhaa, na ndiyo sababu pentavalenti, sindano moja ya magonjwa matano, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wala si siku tatu mfululizo. Mzazi anayeona muda kati ya dozi na dozi kama usumbufu wa foleni hajui kwamba kazi kubwa hufanyika katika muda huo huo.

Mwishoni hubaki makundi mawili. Kundi moja huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa huko miaka mingi, likitoa kingamwili, protini zenye umbo lile lile la kushikia, bila kukoma. Kundi la pili ni seli za kumbukumbu: hazitoi kitu, zinasubiri, na ugonjwa wa kweli ukija huamka na kuzalisha kingamwili kwa wingi baada ya siku chache. Zipo pia seli T zinazoua seli zetu wenyewe zilizokwisha kuvamiwa. Shika hili la siku chache, tutalirudia kwenye malaria.

Akina mama wanazijua dalili za kazi hiyo bila kufundishwa. Pentavalenti humpasha mtoto moto usiku ule ule. Joto la chanjo ya surua huja baada ya wiki hivi, wakati mtu ameshaisahau sindano. Ya kwanza haina kilicho hai, na imetiwa chumvi ya alumini kama kichocheo, kwa hiyo mwili huishtukia mara moja. Ya pili ni kirusi hai, na lazima kwanza kizaliane kidogo.

Kinga ya kuazima

Sasa wale watoto watatu. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda: kinga hiyo ni ya mtoto pia. Na pepopunda ina ajabu yake. Aliyeugua akapona hapati kinga, kwa sababu sumu yake ni kali mno kiasi kwamba kinachotosha kuua hakitoshi kuufundisha mwili. Chanjo hufundisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa surua, kinga hii ya kuazima ina gharama. Mama aliyewahi kuugua au kuchanjwa humwachia mtoto kingamwili zinazofifia polepole mwaka wa kwanza. Zikiwa bado zipo siku ya sindano, hukidaka kile kirusi dhaifu kabla tezi za mtoto hazijajifunza. Sindano imeingia, kadi imeandikwa, lakini mwilini hakuna kilichobadilika. Ikitolewa kwenye miezi tisa, chanjo ya surua hushika kwa watoto kama 85 kati ya 100. Wangesubiri hadi mwaka mmoja au zaidi, ingeshika kwa zaidi ya 90. Lakini kwenye nchi ambako surua bado inatembea, miezi hiyo ya kusubiri ina makaburi ndani yake, kwa hiyo Uganda na nchi nyingine nyingi zilichagua miezi tisa zikijua wazi zinapoteza nini.

Asilimia 15 ya watoto 21 ni watatu na kidogo. Sisemi hesabu ya kichochoro chetu inathibitisha lolote, nasema haikunishtua.

Na hapa kuna kosa linalofanywa hata redioni. Ufanisi wa asilimia 85 wa surua hauna maana kwamba kila mtoto amekingwa asilimia 85, kama mwavuli wenye matundu. Kwa kiasi kikubwa maana yake ni kwamba watoto 85 wamekingwa kabisa, pengine maisha yao yote, na 15 hawana kitu, ilhali kadi zao zinafanana. Kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Dozi ya pili ni ya hao 15. Wengi huidhani ni ya kuongezea nguvu. Kwa surua ni ya kuwarudia waliokosa. Uganda iliiingiza kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2022, kwenye miezi 18. Sababu yake ni hesabu tupu. Penye watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 hadi 18. Chukua 15. Ili asiambukize zaidi ya mmoja, 14 kati ya hao 15 wawe na kinga, yaani asilimia 93 hivi. Sasa hata ukimchanja kila mtoto wa Uganda bila kumkosa mmoja, kwa dozi moja unapata 85. Haifiki. Kwa dozi mbili kinga hupanda hadi karibu 97 kati ya 100, na hapo ndipo hata mtoto wa miezi mitano, asiyeweza kuchanjwa bado, anapata kivuli cha wenzake.

Matundu ya hesabu yangu

Nilimsifu Mama Shamimu, kisha nikamharibia. Ile asilimia 79 yetu haifai hata kuandikwa ukutani.

Kwanza, wale watatu wasiochanjwa wanatoka nyumba moja. Wanalala kwenye mkeka mmoja. Surua ikimpata mmoja, mwenzake hana pa kukimbilia. Pengine tulichopima ni ukubwa wa chumba. Pili, nani alisema ni surua? Rubela huleta vipele, na dawa nyingine pia. Jibu la kweli hutoka maabara, na hapa nchini sampuli za damu hupelekwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda kule Entebbe, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano na ambayo wanasayansi wake walikigundua kirusi cha Zika mwaka 1947.

Tatu, na hili ndilo zito, idadi ni ndogo. Kama kati ya watatu wasiochanjwa angeugua mmoja tu badala ya wawili, ufanisi ungeshuka hadi 57. Wangeugua wote watatu, ungepanda hadi 86. Mtoto mmoja tu anaweza kulishusha jibu kwa zaidi ya pointi 20.

Majaribio ya kitaalamu ni juhudi ya kuziba matundu hayo matatu. Mikeka huzibwa kwa kura: anayepata chanjo na asiyepata huamuliwa kwa bahati nasibu, ili matajiri, wanaoishi karibu na kituo na wanaolala watano chumba kimoja waangukie pande zote mbili. Zaidi ya hapo, si mzazi wala muuguzi anayejua nani kapewa nini. Kubahatisha ugonjwa kwa macho huzibwa kwa maabara. Idadi ndogo huzibwa kwa watu wengi.

Jaribio la Pfizer na BioNTech la mwaka 2020 ni mfano ninaoupenda kwa kuwa tarakimu zake zinaingia kichwani. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa na watu zaidi ya 36,000, waliogawanyika karibu nusu kwa nusu. Waliougua korona yenye dalili walikuwa 170: waliopata maji ya chumvi 162, waliochanjwa wanane. Wanane kwa 162 ni kama asilimia tano, na ndiyo asilimia 95 iliyotangazwa. Wengi waliisikia 95 wakadhani watano katika kila mia ya waliochanjwa wataugua. Waliougua walikuwa wanane kati ya zaidi ya 18,000! Tano ile haikutoka kwa waliochanjwa wote. Ilitoka kwenye kulinganisha pande mbili. Na angalia neno "yenye dalili". Walihesabu waliougua, hawakuhesabu kila aliyebeba kirusi. Kwa hiyo miezi kadhaa baadaye watu walipoambukizwa bila kuzidiwa, wakalalamika kwamba wamedanganywa, walikuwa wanaisuta namba kwa ahadi ambayo haikuitoa. Ukisikia asilimia ya chanjo, uliza ni dhidi ya nini: kuambukizwa, kuugua, kulazwa, au kufa? Chanjo moja inaweza kuwa na majibu manne.

Idadi ndogo ina msiba wake mwingine, na Uganda imeuonja. Septemba 2022 Ebola aina ya Sudan ilitangazwa Mubende. Chanjo ya Ebola iliyokwisha kuidhinishwa ni ya aina ya Zaire na haizuii hii, kwa hiyo zilitafutwa chanjo za majaribio. Dozi za kwanza zilifika Desemba, wagonjwa wakiwa wameshakwisha, na Januari 2023 mlipuko ukatangazwa umekoma. Furaha kwa nchi. Kwa mpimaji, mizani bila mzigo. Huwezi kupima chanjo inazuia nini pasipo cha kuzuia. Ugonjwa uliporudi na kutangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, safari hii dozi zilikuwa tayari, na jaribio lilianza hospitali ya Mulago, Kampala, tarehe 3 Februari, siku ya nne. Lilipewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Mbinu yake ni ya duara: anapopatikana mgonjwa, huchanjwa waliomgusa na waliowagusa waliomgusa. Mlipuko huo nao ulizimwa, ukatangazwa umekwisha mwezi Aprili, wagonjwa wakiwa 14 tu pamoja na wale waliodhaniwa. Wewe uliyeona mtoto mmoja akiyumbisha hesabu ya kichochoro, jipimie mwenyewe kama watu 14 wanatosha kutoa asilimia.

Apac, ambako mbu ndio walimu

Tarehe 2 Aprili 2025 Uganda ilizindua chanjo ya malaria wilayani Apac, kaskazini mwa nchi. Mahali palichaguliwa kwa haki. Vipimo vilivyofanywa huko miaka ya mwanzo ya 2000 vilikuta mtu mmoja akipata zaidi ya ming'ato 1,500 ya mbu wenye vimelea kwa mwaka, yaani zaidi ya minne kila usiku. Chanjo ni R21, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18.

Mbona dozi nne, na bado chandarua hakiruhusiwi kutoka kitandani? Rudi kwenye seli za kumbukumbu na zile siku chache zao. Surua hukaa mwilini siku 10 au zaidi kabla ya vipele, kwa hiyo kumbukumbu ina muda wa kuamka. Homa ya ini aina ya B hukaa wiki nyingi hadi miezi. Hata kingamwili zikipungua sana, kumbukumbu hujipanga bila haraka. Kimelea cha malaria hakitoi nafasi hiyo. Mbu anakidunga jioni, na kabla hujamaliza kula kimeshaingia ini. Kikiingia hapo, kingamwili za chanjo hii hazikipati tena. Kwa hiyo zinazofaa ni zile zilizopo kwenye damu dakika ile ile, tena nyingi, kwa sababu kimoja tu kikipenya kinatosha. Kingamwili zikishuka mwaka unapopita, kinga hushuka nayo, na dozi ya miezi 18 inakuja kuzipandisha. Mwavuli wenye matundu, niliosema si mfano wa surua, hapa ndipo mahali pake: karibu kila mtoto amekingwa kiasi, dhidi ya kila mng'ato.

R21 ilipimwa kwa watoto wapatao 4,800 Burkina Faso, Mali, Kilifi ya Kenya na Bagamoyo ya Tanzania. Wale wa upande wa kulinganisha hawakuchomwa maji. Walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu. Mwaka wa kwanza ufanisi ulikuwa asilimia 75 mahali ambapo malaria ni ya msimu na dozi zilitolewa mvua zinapokaribia, na 68 mahali ambapo malaria ni ya mwaka mzima. Chanjo ni moja, mahali na kalenda ndivyo vilivyotofautiana. Anayeitangaza Uganda kwa 75 amechukua tarakimu ya Sahel, ukanda wa Burkina Faso na Mali, akaivika Lango, eneo la Apac.

Kuna wanaosema 68 ni ndogo, wakiitazama pembeni ya 95 ya korona. Wanalinganisha asilimia wakisahau mzigo. Ushahidi bora wa jambo hili ninaoujua ni wa rotavirusi, kirusi cha kuharisha. Chanjo moja ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi. Afrika Kusini ilizuia asilimia 77 ya kuharisha kukali, Malawi 49. Ukiishia hapo, Malawi imeshindwa. Lakini Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi, na ukihesabu watoto badala ya asilimia, kila watoto 100 waliochanjwa Malawi waliepushwa na vipindi karibu saba vya kuharisha kukali kwa mwaka. Afrika Kusini vinne. Chanjo "dhaifu" iliokoa wengi zaidi. Uganda iliingiza chanjo ya rotavirusi mwaka 2018, na ni hesabu ya aina hii inayoihalalisha. Mama Shamimu angesema karai lilikuwa kubwa.

Kutoka jaribioni hadi jokofuni

Jaribio huendeshwa na watu wanaolipwa kuhakikisha kila kitu kinakwenda sawa. Mtaani ni mafuta ya jenereta, barabara ya Karamoja, boti ya Kalangala. Ufanisi wa mtaani hupimwa upya, na njia mojawapo ni kuanzia nyuma: chukua watoto waliougua, watafute wenzao wa umri ule ule wasiougua kutoka vijiji vile vile, kisha kagua kadi za pande zote mbili. Uganda ilifanya hivyo baada ya pentavalenti kuingia mwaka 2002 na kinga dhidi ya bakteria wa Hib, mmoja wa wasababishaji wakubwa wa homa ya uti wa mgongo kwa wachanga. Kumbukumbu za maabara za Mulago, Gulu na Mbarara zilionyesha ugonjwa ukishuka hadi, mwaka wa tano, kutoonekana kabisa, na ulinganisho wa kadi ukatoa ufanisi wa zaidi ya asilimia 90.

Kinachoweza kuivuruga namba hiyo mtaani ni vitu vya kushikika. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8. Ukiiangalia chupa kwa karibu utaona alama ndogo, duara lenye mraba ndani yake. Mraba huanza na rangi hafifu kuliko duara. Joto likiipiga chupa, hukolea kidogo kidogo bila kurudi nyuma. Ukifikia rangi ya duara, chupa ni ya kutupwa. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu baridi, na pentavalenti ikiganda ndani ya barafu huharibika vile vile. Kila chupa iliyopikwa au kugandishwa huongeza idadi ya waliochanjwa kwenye karatasi bila kuongeza hata mmoja mwilini, na mtaani watu husema chanjo haifai.

Halafu kuna chupa ya surua yenyewe. Ni unga, unachanganywa na maji yake, na ukishachanganywa una saa sita tu. Chupa moja hutosha watoto 10. Muuguzi akiifungua kwa mtoto mmoja, tisa zinamwagwa. Asipoifungua, mama aliyetembea saa mbili anaambiwa arudi Alhamisi. Mwongozo husema fungua, lakini stoo huwa na hofu zake. Rajabu, mdogo wake Shamimu, alirudishwa hivyo hivyo, na kisanduku chake cha miezi 18 kwenye kadi kikabaki kitupu wiki tatu.

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza mama yake. Saa tatu walikuwapo watoto sita benchini, saa nne wanane. Musawo, yaani muuguzi, alitoka mara mbili kutazama barabara. Boda boda ilipowashusha wengine wawili, alichukua chupa, akaigeuza kutazama mraba, akaingiza maji, akaitikisa, akaandika saa ubavuni kwa kalamu ya wino. Rajabu alikuwa wa saba. Alilia kama waliomtangulia.

Tulipokuwa tunafunga kadi akaingia msichana mwenye mtoto mgongoni, vumbi la barabara hadi magotini. Mama Shamimu alilitazama benchi, midomo ikimchezacheza.

"Musawo, huyu ni wa kumi na moja."

Musawo aliinama kwenye kibebeo cha barafu, akatoa chupa ya pili, akaukagua mraba wake. Akaiweka mezani bila kuifungua, akatazama tena barabara.